Wiki ya saba huwa kimya

Mwanafunzi wa chuo anayeelekea kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, mara nyingi hujulikana wiki ya saba ya muhula, na dalili yake kubwa ni kwamba hasikiki. Wiki tatu za mwanzo kila mtu ana kelele: kontrol namba imegoma, chumba hakijapatikana, bumu, yaani posho ya mkopo, halijaingia. Ikifika wiki ya saba majaribio ya kwanza yamesharudi. Aliyepata 6 kati ya 20 ameikunja karatasi yake akaitia mfukoni, na tangu hapo ukimpigia simu anajibu, "Niko poa, kaka. Naendelea vizuri tu." Sisi tunaojitolea kuwalea wanafunzi wa namna hii katika vyuo vya Tanzania tumejifunza kuiogopa hiyo "niko poa" kuliko machozi.

Yafuatayo ni kwa anayetaka kuingia katika kazi hii: mhitimu aliyeajiriwa karibu na chuo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwalimu mstaafu, hata mfanyakazi wa benki mwenye Jumamosi tupu. Si lazima ujue fizikia wala sheria ya mikataba. Inabidi ujue kuhesabu, ujue ofisi gani inahusika na nini, na uwe na saa moja ya wiki isiyohamishwa na harusi wala mpira. Mengi yanayomwangusha mwanafunzi ni mambo ya tarehe. Dawa ya tatizo lake ilikuwepo, ila dirisha lilifungwa Ijumaa naye akaja Jumatatu.

Kabla hujakutana na mwanafunzi yeyote, tafuta kanuni za mitihani za chuo chake uzisome mwenyewe, zote, pamoja na almanaki ya mwaka. Vyuo vinatofautiana, na mwanafunzi anayeyumba huzijua kanuni kwa kusimuliwa kantini. Mpangilio ulioenea ni alama 40 za kazi za muhula, yaani majaribio, mazoezi na mawasilisho, kisha alama 60 za mtihani wa mwisho, ule wanaouita UE. Kwa masomo mengi ya shahada, alama ya kufaulu ni 40 kwa 100. Viko vyuo vinavyoweka pia kizingiti cha kazi za muhula, kwa mfano 16 kati ya 40, na asiyekifikia haingii kwenye UE. Vingine vinadai mahudhurio ya asilimia 75. Andika namba za chuo husika kwenye jalada la ndani la daftari lako. Mlezi anayesema "nadhani sapu unaruhusiwa", yaani mtihani wa marudio, anaweza kumpotezea mtu mwaka mzima.

Karatasi moja kabla ya nasaha

Kikao cha kwanza usiulize "una tatizo gani?" Swali hilo linamtaka mtu ajishtaki mwenyewe, na atakutajia jambo lenye heshima: masomo ni magumu. Muulize jana ilikwendaje tangu alipoamka. Aliamka saa ngapi, alikula nini, alilala wapi, kipindi cha saa mbili asubuhi alikiwahi au alisainiwa na mwenzake. Muulize na juzi pia. Siku mbili zikishawekwa mezani saa kwa saa, tatizo hujitokeza bila mtu kulitaja: mlo mmoja kwa siku, usingizi unaokuja saa kumi alfajiri, daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa sababu amehamia kwa shangazi Mbagala, au kitanda kimoja wanachobebana wawili.

Baada ya hapo ndipo karatasi inatoka. Chora jedwali la safu tano: somo, kredit, alama za muhula alizonazo mpaka leo, anachohitaji kwenye UE ili afaulu, na tarehe ya kazi inayofuata. Kalamu ashike yeye. Mwenye 24 kati ya 40 anahitaji 16 tu kati ya 60. Mwenye 17 anahitaji 23. Mwenye 9 anahitaji 31, na kwanza aangalie kama kizingiti kinamruhusu hata kukaa kwenye chumba cha mtihani. Mwanafunzi aliyeingia akisema "nimefeli yote" huona kwamba masomo matatu yako salama, moja liko ukingoni, na moja ndilo limebomoka. Ni nadra sana hesabu hii itoke mbaya kuliko hofu aliyokuja nayo.

Safu ya alama ndiyo ngumu kujaza. Wengi hawajui wamepata ngapi kwa sababu waliacha kuangalia. Usikubali makadirio. Kazi ya wiki ya kwanza ni kuzifuata alama hizo kwenye mfumo wa chuo, kwa kiongozi wa darasa, au kwa mhadhiri. Na zikikosekana mahali fulani, jaribio limepotea au jina halikuandikwa, hilo ndilo jambo la kushughulikia mapema kuliko yote. Alama iliyopotea hupatikana mhadhiri akiwa bado ana karatasi mezani. Matokeo yakishapitishwa na bodi ya mitihani, rufaa ina ada, ina tarehe ya mwisho, na ina maneno mengi.

Kisha lifuate suala la kredit, ambalo wanafunzi wengi hulipuuza. Chukua viwango vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. Pointi za kila somo huzidishwa kwa kredit zake, zikajumlishwa, halafu zikagawanywa kwa jumla ya kredit, na wastani huo ndio GPA. Tuseme mtu ana masomo matano, matatu ya kredit 12 na mawili ya kredit 8, jumla 52, na amepata B mbili, C mbili na E moja. E ikiangukia somo la kredit 12, huku hayo mengine mawili ya 12 yakiwa B na C, na yale ya 8 yakiwa B na C, jumla ni 100, GPA inakuwa 1.92. E hiyo hiyo ikiangukia somo la kredit 8, B zote mbili na C moja zikakaa kwenye masomo ya 12, na C iliyobaki kwenye lile jingine la 8, jumla ni 112 na GPA inatoka 2.15. Herufi ni zile zile. Mmoja yuko chini ya 2, mwingine yuko juu, na katika chuo chenye mpaka wa GPA wa kuruhusu sapu tofauti ya namna hiyo inaweza kuamua nani anarudi na nani anafungasha.

Kwa hiyo mpangilio wa juhudi huwa kinyume na anavyopenda mwanafunzi. Yeye hukimbilia somo lililobomoka kwa kuwa ndilo linalomuumiza, akalimwagia siku kumi, na lile lililokuwa ukingoni nalo likaanguka. Anza na la ukingoni lenye kredit nyingi. Lililobomoka lipe muda uliobaki, na kama hesabu inaonyesha haliokoleki muhula huu, liandike waziwazi kuwa ni la sapu ili lisimle usingizi.

Hesabu ya saa nayo ifanywe mara moja tu, mapema. Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kredit 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka ni kredit 120. Somo la kredit 12 basi ni saa 120. Mihadhara na semina za wiki 15, kwa saa 4 za wiki, ni saa 60. Sitini nyingine ni zake mwenyewe, saa 4 kila wiki kwa kila somo, na kwa masomo matano ni saa 20. Wanafunzi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Sekondari ya bweni ilikuwa na kengele ya prepu, chuoni kengele hakuna, na ratiba yenye nafasi tupu Jumatano nzima ikaonekana kama mapumziko.

Kila kikao kifungwe kwa kazi tatu, kila moja ya saa moja au chini, yenye siku na mahali. "Nitajitahidi" haimo. "Jumanne saa nne, ofisi ya mhadhiri wa takwimu, kuuliza jaribio la pili ni lini na linagusa mada zipi" imo. Jumanne jioni mtumie ujumbe mfupi: ulifika? Akisema ofisi ilikuwa imefungwa, kazi inahamia Jumatano. Kutoenda hakuchukuliwi kama kosa, na usilifanye liwe hivyo, maana akianza kukuficha wewe pia, kazi imekwisha.

Dakika 40 zinatosha kwa kikao. Kikae mahali panapoonekana: benchi nje ya maktaba, meza ya pembeni kantini baada ya saa nane watu wakipungua, chini ya mwembe. Chumbani hapana, nyumbani kwako hapana, na usiku hapana, awe mwanafunzi wa kike au wa kiume. Wanafunzi watatu au wanne kwa mlezi mmoja ndio mwisho. Akichukua kumi hubaki na orodha ya namba za simu.

Lugha na bumu

Sababu mbili hurudi mara nyingi mno, na zote mbili huonewa aibu.

Ya kwanza ni Kiingereza. Mtu huyu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari nyingi zilimfundisha kunakili na kukariri. Kidato cha sita alifaulu kwa majibu ya kukariri, na hiyo ilikuwa akili pia, tusiidharau. Chuoni anapewa kurasa 60 za kusoma kwa wiki, na swali linalotaka hoja. Anasoma ukurasa mara tatu, haubaki. Anahitimisha kwamba yeye ni mzito.

Njia inayofanya kazi ni ya polepole kidogo mwanzoni. Achukue ukurasa mmoja wa desa, yaani notisi za somo. Asome aya moja, afunge, akueleze kwa Kiswahili kama anayemweleza mdogo wake nyumbani. Asipoweza kueleza, hajaelewa, arudie. Akiweza, aandike sentensi mbili za Kiingereza kwa maneno yake, akiyaacha maneno ya kitaalamu kama yalivyo. Ndipo afungue na kulinganisha. Wiki ya kwanza kurasa tatu kwa saa zinatosha, na mwendo huongezeka wenyewe. Kinachoharibu ni kuruka hatua ya Kiswahili kwa kuona haya, au kutumia programu ya tafsiri kwa ukurasa mzima na kubaki na Kiswahili kisichoeleweka na Kiingereza kisichosomwa. Siku hizi wapo pia wanaoiachia akili mnemba iwaandikie zoezi zima. Alama za muhula zinapanda hadi 30, kisha UE inakuja na kalamu tupu.

Mtihani una ufundi wake, na ufundi huo unafundishika kwa siku moja. Chukua mtihani wa mwaka uliopita. Mwambie apigie mstari kitenzi cha kila swali: kutaja, kueleza, kulinganisha, kujadili. Anayetakiwa kujadili akataja hoja sita bila kupinga wala kutetea hata moja hupata kama theluthi ya alama na kushangaa. Kisha dakika. Mtihani wa saa 3 wenye maswali manne ya alama 15 hugawika hivi: dakika 10 za kusoma na kuchagua, 40 kwa kila swali, 10 za mwisho. Dakika ya 40 ikifika, ahame hata kama sentensi haijaisha, aache nafasi. Alama 5 za mwanzo za swali la nne ni rahisi kupatikana kuliko alama 3 za mwisho za swali la kwanza. Wengi wanaoshika sapu kwa alama mbili tatu waliandika swali wanalolipenda kwa dakika 70.

Ya pili ni fedha. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, HESLB, ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Hutolewa kwa mkupuo wa siku 60 hivi, kwa hiyo anayepata posho kamili huingiziwa 600,000 kwa mara moja. Kijana wa miaka 20 ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kushika laki sita siku moja anasaini Jumatatu. Jumanne analipa madeni ya mama ntilie, Jumatano anatuma nyumbani, Alhamisi simu mpya, na wiki ya tano anakula mihogo ya kukaanga saa kumi jioni, mlo wa siku. Wiki ya saba, kumbuka, ndiyo ya kurudishiwa majaribio.

Mgawanyo tunaoupendekeza ni wa wiki tisa, ingawa siku 60 ni wiki nane na nusu, kwa sababu bumu huchelewa. Shilingi 60,000 kila wiki mara tisa ni 540,000. Zinabaki 60,000 za kuchapisha kazi, bando na dawa. Kama chumba kinalipiwa kutoka posho hiyo hiyo, kodi itolewe kwanza na sehemu iliyobaki igawanywe kwa tisa. Fedha zikae benki, siku ya kutoa iwe moja, Jumamosi asubuhi, na kwenye simu isikae zaidi ya ya wiki. Usikubali kuzitunza wewe, hata akikusihi. Siku zikipungua hata shilingi elfu, ulezi umegeuka kesi.

Kutuma nyumbani kusikatazwe. Mtoto wa kwanza ambaye wadogo zake wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango hatakusikiliza, na pengine yuko sahihi kuliko wewe. Kinachowezekana ni kiasi kitajwe kabla bumu halijaingia, mama aambiwe kiasi hicho na tarehe yake, ili simu za katikati ya muhula zipate jibu moja. Mikeka ya kubeti ni jambo jingine. Usihubiri, mwambie aandike kwa wiki mbili ameweka kiasi gani na amerudishiwa kiasi gani, mistari yote. Wengine hawarudi na daftari. Hilo nalo ni jibu, na hapo unamwelekeza kwa mshauri nasaha wa chuo, maana si la kwako tena.

Na kanuni isiyo na mjadala: mlezi hakopeshi. Sahani ya wali kantini mkiwa wawili, sawa. Mkopo wa 20,000 humfanya akwepe kikao kinachofuata, na umempoteza mtu kwa bei hiyo.

Asiye na mkopo ana hatari yake. Jina halijasajiliwa kwa sababu ya ada, na anasoma muhula mzima kama mgeni. Aende kwa mhasibu wa chuo na barua ya kuomba kulipa kwa awamu, ionyeshe tarehe na kiasi, angalau mwezi mmoja kabla ya UE. Barua ikigongwa mhuri wa kupokelewa, abaki na nakala. Usiku wa kuamkia mtihani barua haina msomaji.

Sababu nyingine zipo na kila moja ina mlango wake: alipangiwa programu asiyoitaka, ana mtoto nyumbani, anaendesha bodaboda usiku, amefiwa. Programu asiyoitaka huombewa uhamisho wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, baadaye karibu haiwezekani.

Nani anasaini

Mlezi asiyejua ofisi ni rafiki mzuri tu. Jifunze mlolongo: mhadhiri wa somo, mratibu wa mitihani wa idara, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo au ndaki, na pembeni ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ambayo wengi huiita kwa Din, afisa mikopo, zahanati, na dawati la jinsia. Mwanafunzi huogopa milango hii kuliko mtihani. Kazi yako ni kumwandaa: sentensi tatu za kusema, karatasi ya kushika, saa ambayo mhusika yupo. Mpeleke hadi kwenye korido, akiona vigumu. Ndani aingie na kuzungumza mwenyewe. Ukimpigia mhadhiri kwa niaba yake, mhadhiri atamwona kama mtoto, na wewe utaonekana umekuja kuombea alama.

Kuahirisha masomo ndiko kunakoharibiwa zaidi na kuchelewa. Mgonjwa, mjamzito anayekaribia kujifungua, aliyefiwa na mzazi: karibu kila chuo kina njia ya kuahirisha mtihani au muhula kwa barua na uthibitisho. Sharti kuu ni ombi liwahi. Anayeingia kwenye UE akiwa na homa, akaandika nusu ukurasa, halafu akaleta cheti cha daktari wiki mbili baadaye, kwa kawaida huhesabiwa amefanya na kufeli. Anayeondoka kwenda msibani bila kuandika kitu huhesabiwa mtoro, na utoro wa mtihani katika vyuo vingi ni disko moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akipata msiba usiku, ujumbe wa kwanza ni kwa mratibu wa mitihani, kabla ya tiketi ya basi, na ushahidi wa serikali ya mtaa au hospitali ufuate. Mwenye mkopo apite pia kwa afisa mikopo kabla ya kuondoka, kwa kuwa taarifa za kuahirisha zisipofika HESLB kurudi kwenye orodha ya malipo huwa safari ndefu.

Mawili hayasubiri ratiba. Mwanafunzi akikuambia kwamba mhadhiri anamtaka kimapenzi ili ampe alama, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Asifute ujumbe hata mmoja. Wewe usiende kumkabili mhusika, wala usipange mtego wa kienyeji. Kuna TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, simu ya bure 113, na dawati la jinsia la chuo. Uamuzi wa kwenda ni wake, kazi yako ni kuhakikisha anajua njia na haendi peke yake. La pili ni anayesema hana haja ya kuishi, hata kwa utani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpi mtu wazo, linampa nafasi ya kusema. Usimwahidi siri, usimwache peke yake, mwende zahanati pamoja siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza kabisa mweleze kila mwanafunzi kwamba siri zake ni salama isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini, ili siku hiyo asione umemgeuka.

Makosa ya mlezi mwenyewe ni machache na yanajulikana. Anasimulia enzi zake. Anageuka mwalimu wa somo, na mwanafunzi anaacha kwenda semina kwa kuwa "dada atanielekeza Jumamosi". Anamwandikia zoezi, siku moja tu, kwa huruma. Au anapotea: wiki ya pili ana safari, ya tatu ana mgeni, ya nne anaona aibu kupiga. Huyu wa mwisho ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu mwanafunzi tayari anaamini kwamba watu humchoka. Kama huwezi kuahidi mihula miwili, saidia kwa njia nyingine. Changia karatasi za kuchapishia.

Sapu si likizo

Matokeo yakitoka na sapu mbili, mwanafunzi hufanya mambo mawili kwa haraka: huzima simu, na hupanda basi kwenda nyumbani. Sapu za vyuo vingi hufanyika karibu na mwisho wa likizo ndefu, Septemba au hapo karibu. Katikati kuna wiki nyingi za kulima, kuuza duka la mjomba na kutosema. Madesa yamebaki kwenye begi la mwenzake Dodoma.

Ndiyo maana karatasi ya sapu huandaliwa kabla ya matokeo, wiki ya mwisho ya UE, kwa kila somo lililokuwa ukingoni au lililobomoka kwenye jedwali. Kila kitu kiingie kwenye begi au simu kabla ya kukabidhi chumba: mpango wa somo, madesa yote, mitihani ya miaka mitatu iliyopita, majaribio yake mwenyewe yenye alama za kalamu nyekundu, namba ya mwenzake mmoja aliyefaulu somo hilo. Vipakuliwe chuoni kwenye intaneti ya bure, kwa kuwa kijijini bando litashindana na sabuni. Aulize pia, kwa mratibu wa mitihani, kama alama za muhula zinaingia kwenye sapu au mtihani unahesabiwa kwa 100. Vyuo hutofautiana, na jibu hubadilisha kabisa namna ya kujiandaa. Mara nyingi daraja la sapu huishia C hata ukipata 80. Hilo alijue mapema, asije akajichosha kwa somo moja na kulisahau la pili.

Ratiba ya nyumbani iwe ndogo ili ishikike. Saa moja na nusu, siku tano za wiki, kwa wiki sita, ni saa 45. Kwa sapu mbili inatosha kupitia mada zote mara moja na kujibu mitihani sita kwa saa ya ukutani. Mtihani mmoja kila wiki, umekaa, simu imezimwa, halafu anapiga picha majibu na kukutumia. Huna haja ya kuyasahihisha. Unaangalia kama maswali yote manne yameguswa.

Nyumbani wajue. Mzazi asiyejua kuna sapu humtuma shambani kutwa, na hana kosa. Simu hiyo mwanafunzi huiahirisha kuliko zote, kwa hiyo ipigwe mkiwa pamoja kabla hajasafiri. "Shikamoo baba. Nimebakiza mitihani miwili, nitaifanya Septemba. Naomba jioni niwe nasoma." Sentensi tatu, aziandike kwanza.

Wapo wanaodisko pamoja na yote haya. Siku hiyo kuna mambo ya kufanya kwa mikono, na kufanya ni nafuu kuliko kufarijiana: kuangalia kanuni kama kuna rufaa na mwisho wake ni lini, kurudisha funguo na vitabu ili apate fomu ya kuruhusiwa kuondoka chuoni, kuomba nakala rasmi ya matokeo ya mihula aliyofaulu, kupita kwa afisa mikopo aelezwe deni lake linasimama wapi, kuuliza udahili wa programu nyingine au stashahada unafunguliwa mwezi gani. Nakala ya matokeo ndiyo isisahauliwe. Ni rahisi kuipata ukiwa bado mjini, na ni kazi nzito ukiwa Namtumbo.

Saa yake ya Jumamosi usimpe mtu mwingine bado. Mpigie saa ile ile, wiki inayofuata na ile ya baada yake, na uanze kama siku zote: jana uliamka saa ngapi?